Paka wa Bibi Nazira Ameikataa Posa Yangu

Bi Zubeida mpendwa, shikamoo, naomba unisaidie kabla sijafanya ujinga, mimi ni Bachir, kazi yangu ni kupara samaki na kuwaanika hapa Palma, nimempenda Nuria na posa nimepeleka kwa adabu zote, wajomba zangu wakatangulia, lakini bibi yake aliyemlea, Bibi Nazira, ana paka jike anamwita Dotora kwa sababu ati anapima watu kama daktari, na mgeni akikimbiwa na Dotora basi huyo ana roho mbaya, na mimi kila nikipiga hodi paka ananipulizia fyuu na kuingia chini ya kitanda, Bibi anaguna tu na kuniambia, "Umeona mwenyewe, mjukuu wangu," sasa kosa langu liko wapi, maana kabla ya kwenda najisugua limau kuanzia kucha mpaka kisogoni nisinuke samaki ukweni, navaa kanzu, najipaka mafuta ya udi, nikifika namkazia macho paka ajue simfichi kitu, na juzi nilimpigia magoti nikamwamkia mbele ya wajomba, akanikwaruza pua, wajomba wameapa hawarudi tena, na rafiki yangu Cassimo mwenye mashua anasema nimtie paka kwenye gunia ampeleke kisiwani Macaloe, gunia nimeshalipata, lakini roho inanisuta, na nikimkosa Nuria sijui nitaishi vipi.

Bachir, Mpara Samaki, Palma

Bachir, pole kwa pua. Sasa rudisha gunia la watu. Paka aking'olewa kwao ghafla husononeka, hukataa chakula, huzurura akitafuta nyumba yake. Na Bibi akijua, hutapata mke wala salamu.

Hivi wewe, mpara samaki ambaye bila shaka paka wote wa sokoni wanamfuata, umejisugua ukaondoa harufu ile ile ambayo ingekuombea posa. Paka hapendi limau, na pua yake ni kali kuliko yetu. Umemwendea kama mtungi wa achari, na udi juu yake. Halafu unamtolea macho, na kwa paka mgeni anayekodoa macho anatafuta ugomvi.

Oga kwa sabuni, basi. Ukifika kaa chini mbali naye, tazama pembeni, fumba macho polepole na kuyafumbua, nyosha kidole aje mwenyewe kunusa. Asipokuja, mwache, na chini ya kitanda usimfuate. Tena mwulize Bibi kwa heshima kama Dotora ana mimba au anaumwa, maana paka anayejificha na kukwaruza mara nyingi ana lake. Awekewe boksi lenye kanga kuukuu mahali pa kimya, apate maji safi, asisumbuliwe na kila mposaji. Bibi Nazira naye, kama ananisikia: paka anapima harufu, roho za watu hazijui.

Lakini lililoniudhi ni hili. Macho ya paka umenieleza, pua ya paka, kitanda alichojifichia. Nuria umemtaja jina tu. Yeye amesema nini? Wajomba wamesema, Bibi amesema, paka ameulizwa mpaka amechoka, mwenye kuolewa hajaulizwa. Mtume dada yako leo akamsikilize. Akisema ndiyo, Bibi atalainika, huyo ni mjukuu wake. Akisema hapana, lipokee, na paka wa watu usimsingizie.