Ufa Uliopakwa Rangi

Mtaa wa Kanisa, 214
Sainte-Reine-des-Pins, Quebec
6 Oktoba

Mpendwa mdogo wangu Marielle,

Hujambo huko Whitehorse? Na kile kikohozi cha mwaka jana, kimekuachia? Sisi miili mizima, ila moyo wangu hautulii. Simu zangu hupokei tangu Krismasi, basi nimeshika kalamu. Barua huwezi kuikata.

Kiwanda cha mbao kimefungwa tangu Agosti. Serikali imetangaza msaada kwa viwanda vya mkoa wetu. Waziri alikuja, akavaa kofia ngumu, akapigwa picha, akaenda zake. Wafanyakazi wamepelekwa kusomea kompyuta. Mume wangu Réjean, aliyeshika msumeno miaka thelathini na moja, anakaa dawatini na watu ambao angeweza kuwazaa.

Hilo ningelivumilia. Ni nyumba, Marielle. Ule ufa wa chumba cha chini unaujua. Wataalamu walikuja kupima zege, wakakuta kokoto zake zina yale madini yanayovimba na kupasua msingi, kama nusu ya mtaa huu. Kwa hilo pia serikali inasaidia: nyumba inainuliwa kwa majeki, msingi mbovu unavunjwa, unamwagwa mpya. Ya jirani yetu Ghislaine iko juu sasa hivi, mapazia yake bado yananing'inia. Lakini mkaguzi huja kwanza kutazama nyufa, na zenye hali mbaya ndizo zinazoingia orodha ya mwaka huu. Yetu haitamaliza baridi nyingine. Mlango wa jikoni haufungi tena.

Sasa sikia alichofanya shemeji yako. Siku moja kabla ya mkaguzi kufika, nilikwenda kwa Ghislaine kumsaidia kufunga vyombo. Narudi, nasikia harufu ya rangi. Mungu wangu! Kaziba nyufa zote kwa saruji, kapaka ukuta mweupe pe, kapiga deki, katandika hata zulia.

"Wewe, una akili kweli?" nikamuuliza.

"Ulitaka mgeni wa serikali aone nimeiacha nyumba ioze? Baba angenizaba kofi."

Nawe unatujua. Hapa kwetu hata fundi bomba akija, tunasafisha kwanza.

Mkaguzi akashuka chumba cha chini, akapapasa ukuta, rangi ikambakia kidoleni. Akasema, "Bwana Lacoursière, ukuta wako mzuri sana." Akaandika: hakuna uharibifu unaoonekana. Réjean akaanza kuukwangua ukuta kwa kucha mbele yake. "Ufa uko hapa, nakuapia!"

"Mzee wangu, mimi naandika ninachokiona. Leteni picha ya zamani kabla ya tarehe thelathini na moja."

Sijawahi kumwona mume wangu akimbembeleza mtu vile. Nilimwonea huruma, na papo hapo nikatamani kumpiga na ndoo ya rangi.

Picha hatuna. Nani anapiga picha aibu ya nyumba yake? Ni wewe tu. Krismasi ile Réjean alipoingiza mkono mzima ndani ya ufa kwa utani, ukampiga picha, ukasema marafiki zako wa Whitehorse lazima waione. Akakufokea mbele ya watu wote, "Futa, au toka kwangu!" Ukabonyeza simu, ukasema umefuta. Ukachukua koti lako, pai ya nyama ukaiacha mezani. Nami nilinyamaza, Marielle. Nilipaswa kusimama upande wako, nikanyamaza. Nisamehe.

Mdogo wangu, tangu utotoni hukuwahi kutii amri ya mtu, hata ya Mama. Nakuomba sana, niambie ulitudanganya.

Nisalimie mumeo Dale na mwanao Odile. Mwambie Odile soksi za sufu ninazomfumia nimebakiza mguu mmoja. Mungu awalinde, na paa lenu likae juu ya vichwa vyenu.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukininunia,
Huguette

Réjean ameomba kalamu. Haya maneno ni yake:

Shemeji, nilikukosea. Krismasi uje, picha iwepo isiwepo, kama nyumba itakuwa bado imesimama. Na kama hukuifuta, Mungu akubariki kwa ukaidi wako.