Pikapu Yako Imepanda Mlima wa Pugu

Mwanangu Elia,

Jana asubuhi pikapu yako ilipanda mlima wa Pugu ikiwa na magunia ya viazi na matenga ya nyanya, na taa ya injini haikuwaka. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ambalo wewe ungeuliza kwanza.

Tangu tukuzike imepita miezi minane. Watu huniuliza naendeleaje, nami hujibu kwamba sijambo. Sisemi uongo. Nalala, naamka, nanyoa ndevu, nasoma gazeti. Msibani sikulia, na mpaka leo sijalia. Mama yako alikuwa akinitazama usoni kila siku, kisha akaacha.

Mkeo, Mama Neema, aliendelea na biashara: anapakia mzigo sokoni Mabibo, anauleta kwenye kibanda chake huku Pugu. Miezi miwili iliyopita gari likaanza kumsumbua. Kwenye tambarare lilikwenda vizuri. Likianza kupanda, taa ya injini iliwaka, moshi mweusi ukatoka, na nguvu zikaisha hata waenda kwa miguu wakampita. Mara mbili alifika nyanya zikiwa zimekwisha kuvuja, na wateja wake wakiwa wamenunua kwingine.

Sudi, mwenzako wa gereji ya Vingunguti, aliunganisha kompyuta yake. Ikaandika kwamba sensa ya presha ya hewa, ile inayopima hewa ambayo turbo inaisukumia injini, inatoa umeme mdogo mno. Akabadilisha sensa. Mlimani taa ikawaka. Akaibadilisha tena, akidai kwamba ile aliyoweka ilikuwa feki. Taa ikawaka.

"Mwalimu, hapa turbo yenyewe ishakufa," akaniambia. "Tuishushe, au Mama Neema auze gari likiwa bado linatembea. Akichelewa atauza chuma chakavu."

"Umeipima hiyo turbo?"

"Mzee wangu, kompyuta imeshasema. Unabishana na kompyuta?"

Mkeo alinitazama mimi, hakumtazama Sudi. "Baba, nikiliuza hili, nyanya nitabeba kichwani?"

Hapo nilikumbuka maneno yako. Ilikuwa Jumamosi, uani kwetu, umeinama ndani ya boneti ya gari la jirani, nami nimekushikia tochi. Nilikuuliza kwa nini unahangaika na nyaya wakati kompyuta imekwisha kukitaja kifaa kibovu. Hukuinua kichwa.

"Kompyuta ni kiranja tu, Mwalimu," ulisema. "Inaandika jina la aliyepiga kelele. Haijui nani kamchoma."

Nyumbani uliniita Baba siku zote. Siku ile ulisema Mwalimu. Nilielewa. Nikakuomba kitambaa nifute mikono, ingawa mikono yangu ilikuwa safi.

Ulikuwa darasa la tano nami nilikuwa mwalimu wenu. Nilikuwa nimekuamuru uniite Mwalimu tuwapo shuleni, ili mtu asiseme kwamba unapendelewa. Nilitoka ofisini nikaikuta orodha ya wapiga kelele mezani, kiranja ameiandika kwa mwandiko mzuri. Jina lilikuwa moja tu, nalo lilikuwa lako. Ulisema, "Mwalimu, nilichomwa na bikari." Nikasema, "Nyosha mkono." Nilikupiga fimbo nne, moja zaidi ya kawaida, kwa kuwa ulikuwa mwanangu. Sikuinua macho kumtazama aliyeketi nyuma yako.

Basi nikamwambia Sudi asiishushe turbo. Mkeo akanipa mita yako ya umeme na daftari lako la kazi. Mwandiko wako ulibaki kuwa mbaya, Elia, na nukta huweki. Sikusahihisha kitu. Kwenye ukurasa mmoja uliandika: *kabla ya kubadili sensa pima waya kisha tikisa*

Sudi alichomoa kichwa cha betri, akachomoa na soketi ya sensa. Ncha moja ya mita akaigusisha kwenye waya unaopeleka taarifa ya sensa, ncha nyingine kwenye chuma cha gari. Mita ikilia, maana yake waya unagusa chuma mahali fulani. Mita ilikaa kimya.

"Umeona, Mwalimu? Waya mzima huo."

"Tikisa."

Alitikisa. Kimya. "Nitikise mpaka lini? Gari halina degedege hili!"

Mafundi wenzake wakacheka. Mimi nilikuwa naufikiria mlima. Kwenye tambarare turbo husukuma hewa kidogo. Mlimani huisukuma kwa nguvu, na bomba la mpira linalopitisha hewa hiyo huvimba na kusogea. Niliweka mikono yote miwili juu ya bomba, nikalisukuma upande wa injini. Mita ikalia. Nikaliachia, ikanyamaza. Nikalisukuma tena, ikalia.

"Toba!" Sudi akapiga kelele. "Mwalimu, kaa hapa uchukue ofisi, mie nikauze maji!"

Klipu inayozishikilia nyaya ilikuwa imevunjika. Nyaya zilikuwa zimelala kati ya bomba na ukingo wa chuma, na kila gari lilipopanda mlima bomba lilizisugua. Ganda la waya mmoja lilikuwa limelika, shaba inaonekana, sehemu isiyozidi upana wa ukucha. Sensa zote tatu zilikuwa nzima, pamoja na mbili alizozitupa.

Mafundi walishangilia. Mkeo alikaa juu ya tairi akalia. Mimi niliendelea kulishikilia bomba mpaka Sudi aliponigusa bega akaniambia niliachie. Kisha aliunga waya kwa risasi ya kuyeyusha, akaufunga tepu, akaweka klipu mpya.

Jana nilikaa kando ya mkeo. Tulipofika mlimani turbo ilianza kupiga mluzi wake ule mwembamba. "Baba, linavuta!" akasema. Nikamwambia aangalie barabara.

Nimesahihisha madaftari kwa miaka mingi, na orodha ile sikuisahihisha. Hukuwa na kosa, Elia. Nilipaswa kumtazama aliyeketi nyuma yako. Nilikuwa na miaka yote hii ya kukwambia hivyo, ikiwamo Jumamosi ile ambayo ulinifungulia mlango nami nikaomba kitambaa. Ningependa kukuandikia kwamba naumia. Sijui. Najua tu kwamba mita ilipolia, sikutaka kuondoa mikono.

Daftari nimelirudisha kwa mkeo. Mita nimebaki nayo, kwa ruhusa yake.

Lala salama, mwanangu. Sipo shuleni tena.

Baba