Nilivyomnyamazisha Mama Mkubwa

Mwisenge, Musoma
14 Julai 2024

Mpendwa kaka Abednego,

Shikamoo. Habari za Mtwara na joto lake? Shemeji Lucy hajambo? Isaya ameshaota meno? Huku tu wazima, ila mahindi ya Suguti yamekauka mapema, na mimi uso sina pa kuuficha.

Nadhani umesikia kwamba hadithi yangu imesomwa redioni. Usinipongeze.

Ilimhusu mama yako. Si unajua mama mkubwa anavyoombeaga mtumbwi kabla wadogo zako, Jastin na Evance, hawajaingia ziwani? Anashika ubavu wake, anataja kila mtu kwa jina, halafu taa, nyavu, hadi kopo la kutolea maji. Sababu tunaijua sote: siku baba mkubwa Burito alipozama, waliachana wamenuniana, hakumwombea.

Mwanzoni niliandika hivyo hivyo. Mhariri akairudisha: "Dada, haya ni mahubiri." Nikaogopa kuitwa mlokole. Basi nikaiondoa sababu, nikabakiza kopo. Nilikuwa nakimbia kuhubiri, kumbe nakejeli. Jina nilibadilisha, lakini Mara nzima kuna kopo gani jingine linaloombewa?

Na mwenyewe ndiye aliyewaita majirani! Redio kaiweka juu ya kinu: "Njooni, hadithi ya mtoto wetu inasomwa!" Gati, jirani yao, anasema watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na mama alicheka nao mwanzoni. Kisha akanyanyuka, akaenda kuanua dagaa ambao hawajakauka.

Jumamosi nikaenda kuomba radhi. Akanipikia ugali wa muhogo na sato, hakunigombeza hata kidogo. Aisee, bora angenichapa. Jioni tukashuka mwaloni, kwenye mitumbwi. Akasimama mbali, mikono nyuma. Evance akamwambia, "Mama, hujatuombea." Akajibu, "Nendeni tu, baba. Watu wasije wakacheka."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikausogelea mtumbwi, nikaushika ubavu nijaribu mimi. Nikamtaja Jastin, nikamtaja Evance, nikafika kwenye taa. Evance akautoa mkono wangu taratibu: "Acha, dada. Tutamsubiri mama mwenyewe, hata kama si leo." Wakasukuma mtumbwi, wakaenda.

Kaka, mpigie simu. Mimi ananiambia yamekwisha, na hayajakwisha. Halali mpaka watoto warudi. Usinitetee. Mwambie tu wanawe wanaingia ziwani hawajaombewa. Hadithi nimeiandika upya, sababu nimeirudisha, na mhariri akisema nahubiri, aseme. Lakini walioisikia ile ya kwanza nitawafuata mmoja mmoja wapi?

Nisalimie sana shemeji Lucy, na umbusu Isaya mashavu yote mawili. Gati naye anawasalimu.

Mungu akulinde, Abednego, na Lucy, na Isaya, na pikipiki yako hiyo mbovu. Cheka ukitaka. Sifuti.

Mdogo wako akupendaye, na mwenye aibu,
Gaudensia