Nilifundisha Mekapu Mbala, Sasa Mwanangu Hataki Mkono Wangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada, nimepoteza uso wa mwanangu. Niliupoteza Jumamosi ya pili ya mwezi wa tano, mchana, katika ukumbi wa kanisa mjini Mbala, upande wa Zambia, mbele ya wanawake ishirini na wawili niliokuwa nawafundisha mekapu bila kulipwa, na mpaka leo sijaurudisha. Sendofu yake, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi, ni Jumamosi hii. Majina nimeyaandika ya kweli kwa sababu sina muda wa kubuni mengine.

Nianze na mimi ni nani, usije ukafikiri ni mama wa kulialia. Nina saluni Chanji, hapa Sumbawanga, nilianza na kitana kimoja na kiti cha kuazima barazani kwa watu, leo nina wasichana watatu wanaokula kwa jasho la saluni ile, na katika kila mabibi harusi kumi wa mji huu sita au saba wamepita mikononi mwangu, wengine sasa wananiletea mabinti zao. Mwanangu Victoria, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, nimemlea peke yangu tangu ana miaka mitatu, baba yake Dominiko aliposhuka Kasanga kufuata biashara ya dagaa akapata na mke mwingine hukohuko. Dagaa wake wanafika soko la hapa kila wiki, yeye hafiki.

Mbala nilifikaje. Kristiana, mwenyekiti wetu wa akina mama parokiani, alikuja saluni akasema wenzetu wa ng'ambo wana wajane na mabinti waliokatisha shule, wanatafuta fundi wa kujitolea awafundishe mekapu ili wajitegemee, nikauliza nitapata nini, akasema baraka, nikauliza nitalala wapi, akasema kwa masista, nikaona angalau la pili linaeleweka, nikakubali wiki sita. Lugha haikunisumbua, Kimambwe chao na Kifipa chetu vinasikilizana, na tulipokwama tulioneshana kwa brashi.

Vifaa nilibeba vyangu, na hapo ndipo nilipokosea hesabu, mimi ambaye hesabu sikosei. Nilipiga hesabu ya uso mmoja kwa kila mwanafunzi kwa siku, sikujua kwamba mwanamke akipewa fandesheni ya bure anaishusha mpaka shingoni, anapitia masikio, kisha anampaka na jirani yake aliyekuja kuangalia tu. Wiki ya pili poda ya kung'arisha ikaisha, na ile ya kahawia ya kuchongea pua na mashavu ikaisha nayo. Sikutaka ionekane kwamba fundi wa Sumbawanga ameishiwa, nikasimama mbele nikasema, "Kuanzia leo tunafuata uso tuliokuta. Hatuongezi pua, hatupunguzi pua." Wanafunzi ishirini na mmoja walielewa kwamba mwalimu ameishiwa vifaa. Mmoja alielewa kwamba hilo ndilo somo.

Huyo mmoja anaitwa Sharon, ni binti anayeuza vitumbua asubuhi stendi ya kwao, mkono wake mwepesi, hilo siwezi kumnyima. Jumamosi niliyoitaja, Victoria alivuka mpaka kuniletea boksi la poda nyingine, na kabla sijalifungua Sharon alikuwa ameshamkalisha kitini, anasema anataka uso mgeni wa kujifunzia.

Mshauri, uso wa mwanangu naupaka mimi tangu kipaimara. Pua ile ni ya kwa baba yake, taya ni ya kwao, paji la uso ni la kwao lote. Kwa hiyo pua naichonga kwa kahawia pande mbili na kuinyoosha kwa nyeupe katikati, taya naizungusha, paji nalifunika kwa nywele, na nikimaliza kila mtu anasema amefanana na mama yake. Picha zote za ukutani kwangu amefanana na mama yake.

Sharon hakuchonga kitu. Alimpaka rangi ileile ya ngozi yake, akamtia wanja, akamtia rangi ya mdomo, akamwondolea nywele usoni. Victoria alipogeuka, kwenye kiti kile alikuwa amekaa Anjela. Anjela ni dada yake Dominiko, yuko hai, ananunua mahindi Laela.

Nikasema, "Hujamaliza."

"Nimemaliza, Mwalimu."

"Na pua je?"

"Ilikuwepo, Mwalimu."

Darasa zima likacheka, na mimi nikacheka, maana nilikuwa mgeni wao. Victoria yeye hakucheka. Alijitazama kwenye kioo, akageuza shavu la huku na la huku, akasema, "Kumbe." Basi, neno hilo moja. Akajipiga picha akamtumia mchumba wake Malimi, kijana wa wale watu wa ng'ombe waliohamia bondeni, asiye na maneno mengi, na yule kijana akajibu, "Huyu namjua." Sijui alikuwa anamchumbia nani siku zote.

Nikarudi nyumbani nikidhani yameisha. Majuma mawili yaliyopita Victoria akaja saluni, akaomba simu yangu, akaongea na Sharon mbele yangu, akanirudishia simu akaniambia, "Mama, siku ya sendofu atanipaka Sharon. Mpangie safari, atalala kwetu."

Nikamwuliza, "Na mimi siku hiyo ni nani?"

"Mama."

"Mama asiyejua kazi?"

"Mama aliyekaa. Mabibi harusi wa mji huu wote umewasimamia wima, kwenye sherehe zao mama zao wamekaa mbele na vitenge vyao, wewe uko nyuma unatafuta pini. Mimi wangu nataka nimwone amekaa."

Maneno mazuri, nakubali. Lakini Fortunata, msichana wangu mkubwa wa saluni, alikuwa anasuka palepale, akasema bila kuinua kichwa, "Bosi, kwa hiyo tumesomesha mshindani kwa poda yetu wenyewe." Wateja wawili wakakohoa. Tangu siku hiyo wateja wananiuliza atakayempaka Victoria ni nani, na wanauliza huku wanajua.

Hayo ningeyameza, mshauri, nimemeza makubwa zaidi. Kinachonishinda kumeza ni kwamba kamati imepanga, kama kawaida ya sendofu zetu, atakayemwingiza binti ukumbini ni shangazi yake. Shangazi ndiye huyo Anjela. Sina ugomvi naye, kila mavuno anashusha gunia la mahindi mlangoni kwangu, ingawa sijawahi kumwomba. Lakini fikiria mlango unafunguliwa, muziki unapigwa, wanaingia wawili bega kwa bega, pua moja, taya moja, paji moja, na mimi niliyelea nimekaa mbele nimeshika mkoba. Watu watasema huyu ni mtoto wa akina Dominiko. Homa zote, ada zote, mvua zote za kumbeba mgongoni kwenda kliniki, halafu anaingia na sura ya walioondoka.

Sasa tatizo lenyewe. Jumatatu Sharon alinitumia ujumbe: "Shikamoo Mwalimu. Ijumaa navuka mpaka wa Kasesya. Nikifika Matai nipande gari gani, na Sumbawanga nishukie wapi? Mji wenu siujui." Sijamjibu. Leo, Jumanne, ametuma tena: "Mwalimu, nije au nisije?" Sijamjibu. Namba ya Victoria hana, mipango yote nilikabidhiwa mimi, na Victoria anajua kila kitu kiko sawa. Sijamkataza Sharon kuja, naomba hilo lieleweke, nimenyamaza tu. Asipojibiwa hatakuja, asipokuja anabaki mtu mmoja wa kumpaka mwanangu, na mtu huyo poda ya kahawia anayo, boksi zima.

Sitaki uniambie nijipe moyo wala nisali, kusali nasali. Swali langu ni moja: nina haki ya kunyamaza mpaka Ijumaa ipite, ndiyo au hapana? Barua mnasoma redioni Jumatano asubuhi. Naomba jibu kabla ya saa nne, maana saa nne naingia kazini na nikiwa kazini simu sishiki.

Ni mimi,
Mama Victoria, Chanji


JIBU LA MSHAURI

Mama Victoria, kama umenizidi umri shikamoo, kama hujanizidi pokea pole. Majina uliyoyaandika ya kweli nimeyabadilisha, mimi muda wa kubuni nilikuwa nao. Jibu lako ni hapana. Umelitaka mapema, umelipata, sasa nisikilize.

Usiite ulichofanya kunyamaza. Msichana amekuuliza njia, na wewe njia unaijua. Atavuka mpaka wa nchi kuja kwenye mji asioujua kwa sababu mwanao amemwomba, halafu unamwacha anatazama simu siku ya tatu hii. Mtu angekufanyia hivyo wewe, Chanji nzima ingejua kabla ya jioni.

Nimeisoma barua yako mara mbili natafuta kosa la Sharon. Sijaliona. Ulisema mbele ya darasa wafuate uso waliokuta. Ulisema kwa sababu umeishiwa, lakini ulisema. Wengine walikuhurumia, yeye akakuamini, na wewe unamwadhibu anayekuamini. Kujitolea gani huko? Ulivuka na vifaa vyako, umelala kitanda cha masista, umefanya kazi nzuri mpaka mwuza vitumbua ameitwa kwenye sherehe nchi ya pili, halafu kazi hiyohiyo unataka ikwame Matai.

Pole yangu ni ya kweli. Najua kulea peke yako. Najua hasira ya kuona mtoto anacheka na meno ya mtu ambaye hakununua hata mswaki. Lakini mama, umekuwa ukimfuta Dominiko kwa brashi, na kwa kuwa Dominiko yuko Kasanga na haoni, anayefutwa ni Victoria. Yeye ndiye anayekaa kitini. Binti wa umri ule anajitazama kwenye kioo anasema "kumbe", na wewe uliyekuwa umesimama hapo hukumwuliza kumbe nini. Mwenzako Malimi neno alilipata. Amesema anamjua. Na wewe hujui alikuwa anachumbia nani? Alikuwa anachumbia yule anayemwona asubuhi kabla hujafika na boksi.

Kuhusu Anjela sitasema mengi kwa sababu umeshasema mwenyewe bila kutaka. Mtu anashusha gunia kila mavuno, kwa miaka, bila kuombwa, kwa mwanamke aliyeachwa na kaka yake. Huyo unamwogopea pua? Mwanao akiingia ukumbini amefanana na mtu wa namna hiyo, sioni hasara iko wapi, na wewe hesabu unazijua kuliko mimi.

Watu watasema ni mtoto wa akina Dominiko. Ndiyo, watasema. Mji huu una midomo. Halafu mshereheshaji ataita mama mzazi, utasimama wewe, na hatasimama mtu mwingine.

Sasa fanya hivi. Mjibu Sharon sasa hivi, kabla hujamaliza kunisikiliza, na usimwandikie apande gari gani. Mwandikie kwamba Ijumaa utakuwa Matai mwenyewe unamsubiri, maana mwalimu hamwachi mwanafunzi wake anauliza makondakta. Leo jioni mwambie Victoria kwamba ulichelewa kumjibu mgeni wake, na umwambie kwa nini, yote, pamoja na pua. Atakasirika. Mwache akasirike leo, asikasirike Jumamosi.

Ijumaa mkishafika, mkalishe mwanao, umwoshe uso wewe, umpake mafuta wewe, kwa sababu baridi na upepo wa mwezi huu vinakausha ngozi na mekapu haikai penye magamba. Kazi hiyo usimwachie mtu. Tumia viganja, brashi iache mkobani. Utapita kwenye lile paji na ile taya, taratibu, hakuna kitu juu yake wala cha kuongeza. Nadhani tangu alipokuwa wa kuogeshwa kwenye beseni hujaushika uso ule hivyo. Kama kuna neno hujawahi kumwambia kuhusu baba yake, liwe zuri liwe baya, mwambie hapo, mikono yako ikiwa na mafuta.

Jumamosi Sharon akianza kazi, toka chumbani. Usichungulie mlangoni. Ukiona wanja haujakaa sawa, haukuhusu. Nenda ukumbini kaa kiti cha mbele, na wanaotafuta pini wakuulizie wakukose. Mlango ukifunguliwa, watazame wote wawili mpaka wafike mbele, usijifanye unatafuta kitu kwenye mkoba.

Fortunata mwambie anyamaze asuke.

Namba ya kipindi unayo. Tunafunga saa nne kasorobo, na kabla ya hapo nataka ujumbe wako wa neno moja: nimemjibu, au sijamjibu. Maelezo mengine ukiandika sitayasoma.