Kuku Mwekundu wa Ujombani

Jumamosi jioni, mwezi wa saba, 1974. Arua.

Mvua imenyesha tangu mchana na sasa imekatika. Nimelowa, nimechoka, viatu vyangu vimejaa udongo mwekundu, na nina furaha. Naiandika mapema kabla sijaanza kuichambua ikaniponyoka.

Chini ya meza hii ninayoandikia kuna kuku. Ni tetea mwekundu, amefungwa mguu kwa kamba ya katani, na kila nikisogeza mguu wangu ananidonoa. Si wangu. Nimekatazwa kumla, na aliyenikataza alinitazama tumbo wakati anasema.

Muhula huu darasa langu la sita limesoma habari za utumwa na uhuru. Katika kitabu cha shule utumwa ni jambo la pwani na la ng'ambo. Mimi nililelewa Mombasa kwa shangazi yangu, ndiyo maana Kiswahili cha shajara hii sicho ninachokisema sokoni hapa, na hata mimi nilikuwa nikidhani hivyo. Niliporudi kwetu ndipo nikajua kwamba watu waliswagwa kutoka vijiji vyetu hivihivi, Adumi, Manibe na kwingineko, wakapelekwa kaskazini. Basi nikakiweka kitabu kando, nikawaambia watoto: nendeni nyumbani mkaulize.

Wakaja na mambo. Mmoja alieleza jinsi watu wa kwao walivyolala kwenye miamba bila kuwasha moto, wasije wakaonekana kwa moshi. Mwingine alisema bibi yake hajawahi kupiga mluzi maisha yake yote, kwa sababu alifundishwa utotoni kwamba mluzi unaita wakamataji. Nilijiona mwalimu hodari sana wiki ile.

Nikawapa na swali la kuandika: mtu huru ni nani? Mmoja aliandika ni mtu asiyelipa kodi. Mwingine, mtu mwenye baiskeli. Candia, kijana wa Adumi anayekaa na shangazi yake kule Onduparaka na ambaye akili yake yote iko kwenye mpira, aliandika: "Mtu huru ni mtoto wa dada akifika kwa mjomba. Anashika kuku na hakuna mtu anamuuliza."

Ni desturi ya Walugbara. Binti akiolewa mbali, watoto wake wakirudi ujombani wana haki ya kukamata kuku bila kuomba. Nilicheka, nikamwandikia kwa kalamu nyekundu, "Umetoka nje ya swali."

Kisha ukaja mchezo.

Wakati wa mapumziko waliugeuza somo kuwa mchezo wa kukimbizana, wakamataji upande mmoja na wanakijiji upande mwingine. Kila mtu alitaka kuwa mwanakijiji. Basi wakaamua kwamba wakamataji watakuwa watoto wa Kinubi. Hoja yao ilikuwa nyepesi: sisi Wanubi wa Arua na Koboko ni wajukuu wa askari waliotoka Sudani, na aliyekuja na bunduki ndiye aliyekamata watu. Mimi pia ni Mnubi, baba yangu ni wa Koboko, lakini mimi ndiye mwenye chaki na fimbo, kwa hiyo hakuna aliyenichagua.

Wavulana wa Kinubi walifurahia, wakakimbia na vijiti vyao. Zamzam, msichana wa Kinubi, hakufurahia. Alikataa kucheza, na Candia akamwambia mbele ya wote, "Babu yako alikamata babu yetu."

Kesho yake Zamzam hakuja shule. Wala keshokutwa.

Zamzam ndiye anayeongoza darasa zima kwa hesabu. Mwakani angefanya mtihani wa darasa la saba, na sina shaka angefaulu. Bibi yake, Haboba kama sisi Wanubi tunavyowaita bibi zetu, alikuwa amemchukua kwenda Koboko kumsaidia kuuza gurusa, zile chapati zetu laini za asubuhi. Alisema shule imetosha. Msichana wa umri ule akikaa nyumbani mwezi mmoja, wa pili utasikia posa. Nimeshawapoteza wawili namna hiyo na sikutaka kumpoteza wa tatu.

Mwalimu mkuu alinishauri nirudi kwenye somo la mito na maziwa, jambo litapoa lenyewe. Ni mtu mwema na hupenda mambo yapoe. Mimi Jumamosi iliyopita nikapanda lori la tumbaku kwenda Koboko, na nusu kilo ya sukari ndani ya mkoba. Siku hizi sukari ni adimu, inafungua milango ambayo salamu haifungui.

Haboba ni mwanamke mdogo wa mwili, ana chale tatu kila shavu, na anageuza gurusa kwa vidole bila kuungua. Aliipokea sukari. Chai hakunipa.

"Malim," akasema, "wewe iko Mnubi, halafu unafundisha watoto kusema sisi ndio watu ya kukamata watu? Mama yangu mimi walikamata yeye. Alikuwa mutoto, anafukuza ndege kwa shamba ya wimbi."

Alinieleza kwa ufupi, huku akiendelea na kazi. Mama yake alikulia kwenye kambi za askari, akaolewa na askari, akawa Mnubi kama wengine. Kutoka kwao kwa zamani alibaki na vitu viwili tu: jina la ukoo na agizo moja alilomwachia binti yake. Nikauliza ni agizo gani. Akaniambia hilo halinihusu. Zamzam alikuwa ameketi nyuma yake akichekecha unga, na hakuinua macho hata niliposema darasa linamngoja.

Jumatatu nilisimama mbele ya darasa, nikalitaja jina la ukoo ule, nikauliza kama kuna anayelijua. Halafu mkono mmoja ukapanda polepole, ukaishia usawa wa sikio.

"Ni sisi," akasema Candia.

Nikawaeleza yote, habari za ndege na shamba la wimbi. Mapumziko yale hakuna aliyecheza wakamataji. Nilimtuma Candia kwa babu yake Adumi, na Alhamisi akarudi na jibu la mzee: waje, lakini wajue kwamba watoto waliochukuliwa walikuwa wengi. Nikatuma ujumbe Koboko kwa dereva wa tumbaku. Sikuamini Haboba angekuja, lakini alikuja, amevaa leso mpya, na Zamzam nyuma yake.

Na leo tumekwenda Adumi.

Njiani Zamzam alimgeuzia Candia mgongo. Candia alimpa hindi la kuchoma, akakataa. Akampa Haboba, Haboba akala lote.

Tulimkuta mzee, babu yake Candia, anasuka kifuniko cha ghala. Aliwahi kuwa jeshini, anaongea Kiswahili cha huko, na sikio lake moja halisikii. Hakusimama. Tuliketi, tukasalimiana, tukanywa maji, tukasifu mihogo yake. Haboba akataja jina la mama yake, lile la utoto. Mzee akatikisa kichwa.

"Mama, mimi hapana kataa," akasema. "Lakini wakati ile walichukua mutoto mingi. Kila mutu iko na hadithi yake. Mimi nitajua namna gani?"

Hakusema kwa ubaya. Ila mimi nilihisi safari yote inazama palepale. Nikamtazama Zamzam, naye alikuwa ameshashika mkoba wake kwapani kama mtu anayejua lori linaondoka saa ngapi. Nikajisemea, basi, nimempoteza, na safari hii nimemsafirisha mwenyewe mpaka mahali pa kupotelea.

Haboba aliinuka, akakaza leso kiunoni, akazunguka nyuma ya ghala. Tukasikia kelele za kuku. Mwanamke aliyepita miaka sabini alikuwa anafukuza kuku kwenye boma la watu! Akamdaka mmoja mweupe, akambana kwapani, akarudi, akaketi mahali pake. Hakuomba wala hakueleza.

Wanawake waliokuwa wakitwanga wakasimamisha michi. Mimi niliogopa, maana kama yeye ni mgeni pale, huo ni wizi wa mchana mbele ya mwenye mali. Candia alikuwa mdomo wazi. Nadhani alilikumbuka jibu lake la daftarini kabla yangu.

Mzee alimtazama yule kuku, akamtazama Haboba, akarudi kwa kuku. Aliweka chini kifuniko chake.

"Hiyo iko mzee," akasema. "Nyama yake ngumu. Rudisha. Chukua ile nyekundu."

Nililia. Siandiki kwa aibu, nililia kabisa, na kamasi juu. Mwanamke mmoja akauacha mchi ukaanguka, akaja kumshika Haboba mikono yote miwili, akawa anamtajia majina ya watu waliokwisha kufa, mmoja baada ya mwingine, ili awajue.

Baadaye tukila Haboba aliniinamia. "Ile neno ulikuwa unauliza Koboko, ndio hiyo," akasema. "Mama alisema, siku utafika kwa wajomba yako, hapana omba kuku. Shika." Mama yake mwenyewe hakuwahi kurudi kwa wajomba zake kumshika wa kwake. Hilo Haboba hakulisema. Nimelihesabu mwenyewe njiani, na linaniuma hata sasa pamoja na furaha yote hii.

Najua pia kwamba baba yake Haboba alikuwa askari, na sijui alifanya nini siku zake. Haboba hakusema, nami sikuuliza. Huenda yule aliyekamatwa na yule aliyekamata wote ni wazee wa Zamzam. Sijui nitalifundishaje hilo. Mwaka huu nitaliacha lilale.

Aliyemkamata kuku mwekundu ni Candia. Alimpeleka kwa Zamzam, si kwa Haboba, akasimama mbele yake akiangalia chini.

"Mimi nilisema mbaya," akamwambia.

Zamzam akanyoosha mikono. "Shika mabawa yake vizuri," akasema. "Atatoroka."

Kurudi, mvua ilitukuta juu ya lori bila turubai. Zamzam na Candia walimfunika kuku kwa mkoba, sisi watu wazima tukalowa. Sikuthubutu kuuliza habari za shule. Nilikuwa na hotuba nzima tayari tangu Jumanne, juu ya mtihani na hesabu na maisha ya mbele, na kila nilipofungua mdomo lori liliruka shimo. Tulipofika mjini, Haboba na mjukuu wake wakashukia kwa jamaa zao. Nikawaza, sasa au basi. Haboba akanitangulia. Akamchukua kuku kutoka kwa Zamzam, akanikabidhi.

"Kuku ikae kwa mwalimu," akasema. "Jumatatu mutoto atakuja kuchukua. Kule darasani."

Zamzam akanitazama, akacheka kidogo. Ni mara ya kwanza tangu ule mchezo.

"Na wewe hapana kula," Haboba akaongeza, macho kwenye tumbo langu.

Basi ndivyo alivyofika huyu mwenye kunidonoa. Nimempa wimbi kwenye kifuniko cha sufuria na maji kwenye kikombe changu kizuri. Kisha nikalitafuta daftari la Candia kwenye rundo, nikayakata yale maneno yangu mekundu, nikampa alama zote za swali lile. Mwalimu mkuu akiuliza, nitamwambia kijana alijibu vizuri kuliko mwenye kusahihisha.

Kesho ni Jumapili na nina kazi moja tu, kumlinda kuku huyu na paka wa jirani, ambaye ameshapita dirishani mara mbili akijifanya ana safari zake. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, husema wenyewe. Wangu siku ya tatu nitampeleka shule.