Midomo Yote Miwili ya Kalavati

Barlow Hill, Vermont
21 Machi

Dada Verna,

Kwa masikitiko makubwa natangaza kifo cha buti langu la kushoto, kilichotokea jana saa tisa alasiri mbele ya nyumba yangu. Tope lilimmeza marehemu mzimamzima. Mazishi yalifanyika papo hapo, nami nikarudi ndani nikirukaruka kwa mguu mmoja, majirani wakinipigia makofi.

Habari za Arizona? Magoti yanasemaje? Huku sisi wazima, mgonjwa ni barabara. Theluji inayeyuka, na tangu uliponikabidhi basi la shule sijatetemeka hivi. Nimekwama mara mbili mwezi huu, watoto wakachelewa. Kamati ya shule imeniambia, kwa upole unaouma: nikichelewa mara ya tatu, basi halitapanda tena kilimani. Watoto wote kumi na mmoja wataletwa na wazazi wao, kwa vigari vyao vidogo, kwenye tope hilihili. Nisaidie.

Mdogo wako,
Leland

Tucson, Arizona
28 Machi

Leland mdogo wangu,

Pole kwa msiba. Mimi mzima, magoti yananung'unika tu. Miaka ishirini na sita niliendesha njia hiyo, kwa hiyo nisikilize. Toka mapema, tope likiwa bado limeganda. Kabla hujaingia kwenye mifereji iliyochimbwa na magurudumu, chagua mmoja vizuri, maana hutatoka humo kwa maili mbili. Na pale kijito cha Thibault kinapopita chini ya barabara, simamisha basi, shuka, tazama midomo yote miwili ya kalavati, lile bomba kubwa linalopitisha maji. Maji yakiingia mengi yakatoka machache, ujue yanaila barabara kwa chini, na wewe uliye juu huoni kitu. Ni dakika mbili tu.

Unashuka, hushuki? Jibu kwa neno moja, nakujua.

Dada yako

Barlow Hill
4 Aprili

Dada,

Salamu zimefika, na sisi hatujambo. Nashuka! Kila asubuhi, midomo yote miwili, kama daktari wa meno. Tena sijachelewa hata siku moja. Jana Bwana Pruitt, mwenyekiti wa kamati, alitazama saa yake akatabasamu. Sikujua kama ana meno.

Mdogo wako

Tucson
14 Aprili

Leland!

Hujambo? Mimi leo hata sijui magoti yangu yako wapi, nimecheza! Binamu Doris kanipigia simu. Ati mvua ilinyesha juu ya theluji, na Jumatano asubuhi ukasimama kijitoni ukakataa kuvuka, watoto wakikuzomea, lori la maziwa likipiga honi nyuma yako. Ukawarudisha wote nyuma, na hazikupita dakika tano barabara ikatumbukia, shimo la kumeza basi zima. Na watoto wote wazima! Nimewasimulia majirani, muuza mboga, hata daktari wa magoti. "Ndugu yangu hushuka kila asubuhi," nawaambia.

Niandikie yote, usiache kitu.

Dada yako anayejivuna

Barlow Hill
19 Aprili

Dada yangu,

Natumai u mzima, na umekaa kitini. Kamati imepiga kura: basi litaendelea kupanda kilima, na kuchelewa kwa ajili ya usalama hakutahesabiwa tena. Kijitoni wameweka kalavati jipya, ng'ombe anapita ndani bila kuinama. Watoto wamenivika taji la karatasi, nami nikaenda nalo mpaka dukani. Gazeti linasema nina hisia za ajabu.

Sasa ukweli. Nilikuwa sishuki. Barua yangu ya tarehe nne ilikuwa uongo mtupu. Kila siku nilivuka pale bila kupunguza mwendo, nikiogopa saa ya Pruitt kuliko maji. Jumatano ile nilikuwa nimeshachelewa dakika nne. Nikakumbuka kwamba jioni nilikusudia kukuandikia, na ningelazimika kukudanganya tena, wewe uliyenibeba mgongoni. Nikasema, acha nishuke leo tu, barua iwe na ukweli kidogo.

Mdomo wa juu maji yalikuwa yakiingia kwa kishindo, rangi ya kahawa. Wa chini yalitoka membamba, kama ya birika.

"Mzee, umeshuka kukojoa?" dereva wa maziwa akapaza sauti.

"Rudi nyuma!" nikamwambia. "Rudi, bwana!"

Hiyo ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kushuka, Dada. Wote kumi na mmoja walikuwa ndani.

Leo asubuhi nimeshuka kwenye makalavati yote matano ya kilima. Maji yanaingia, maji yanatoka. Tumefika shule tumechelewa dakika sita, tukiimba.

Mdogo wako,
Leland