Uvimbe wa Chui Wetu Mkongwe

Nyumba ya Wafanyakazi Na. 4,
Bustani ya Wanyama.
14 Juni

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Hujambo? Goti limepungua kukusumbua? Sisi huku tu wazima, ila mimi nimechoka hadi kalamu naiona nzito. Nisamehe kwa kukaa kimya miezi miwili.

Kilichonishika ni chui jike wetu, yule tunayemwita Bibi. Alianza kunywa maji kupita kiasi, mbavu zikawa zinahesabika. Nikasema ni figo, ni umri. Mlishaji wake akanikatalia.

"Daktari, uzee naujua, ninao mwenyewe. Huyu anaumwa."

Sikumsikiliza. Wiki tatu baadaye Bibi akajigonga ukutani mchana kweupe. Presha ilikuwa imemharibu jicho la kushoto.

Tulimlaza kwa dawa ya usingizi, tukampima kwa ultrasaundi. Juu ya figo kuna tezi ndogo, kama punje ya haragwe. Yake ilikuwa na uvimbe mkubwa kama limau, na huo ndio uliokuwa ukimwaga homoni na kupandisha presha. Mama, nilitoka nje nikakaa juu ya ndoo.

Majuma mawili mlishaji alimfichia vidonge ndani ya nyama ili presha ishuke. Ndipo tukampasua. Uvimbe ulikuwa umegandamana na mshipa mkubwa. Tulipoubandua, mshipa ukachanika. Niliubana kwa kidole, nisithubutu hata kukohoa, daktari mwenzangu akashona. Kazi ilichukua saa nne nzima.

Kisha Bibi akagoma kula. Siku tatu mlishaji alikaa nje ya kizimba akimsimulia habari za wajukuu zake. Ya nne, akala.

Jicho halitarudi. Nilimwendea mlishaji kumwomba radhi, akaendelea kufagia.

"Radhi mwombe yeye," akasema.

Basi nikaenda kwa Bibi, nikachuchumaa mbele ya wavu kama mtoto aliyevunja sahani, nikamwambia. Watu wa usafi walinicheka. Mimi sikucheka, Mama. Tangu hapo, mlishaji akiniambia neno, naweka kalamu chini kwanza.

Nisalimie Baba Mdogo, na mdogo wangu Kidevu, mwambie aache uvivu wa kuandika. Mungu awape usingizi mzuri na miili isiyouma.

Ni mimi mwanao, ninayekupenda hata nikinyamaza,
Daktari wa Paka